Mathe na Buda Wanataka Kustaafu Karibu na Reli ya Zamani? Chekini Hizi Vitu Kabla Mtume Doh ya Ploti

Wacha tuanze na hesabu, juu hapo ndio wengi wetu huruka. Kwa miaka mingi NSSF ilikuwa inakata mfanyakazi soo mbili kwa mwezi, na mwajiri anaongeza zingine soo mbili. Hiyo ni 400. Zidisha mara miezi 12, halafu mara miaka 30 ya mzee wako kuamka saa kumi alfajiri kushika mat. Unapata 144,000. Weka na riba juu yake, bado hiyo si pesa ya kulipia keja Nairobi hadi uzee uishe. Makato mapya ya sheria ya 2013 yalianza kukatwa 2023 tu, wakati buda alikuwa tayari anachungulia geti la kutokea.

Sasa ongeza hii. Kuna familia kibao hapa mjini ambazo ushago ni jina tu kwa kitambulisho. Kama mlilelewa Muthurwa ama Makongeni, zile mitaa zilijengewa wafanyakazi wa reli, unajua vile mambo huwa. Guka alikuja kufanya kazi, buda akazaliwa hapo, wewe ukazaliwa hapo, na shamba la ocha liligawanywa kitambo kati ya mabinamu ambao hata hawakujui. Akifika 60 na kuambiwa asante kwa huduma yako, anaenda wapi?

Ndio maana wazee wengi wanarudi kwa wazo moja: mji mdogo kando ya reli ya zamani. Usicheke. Hilo wazo lina akili kuliko ploti nyingi zenye unaona zikitangazwa online na picha ya twiga.

Cheki vile hiyo miji ilizaliwa. Mwingereza alianza kuweka reli Mombasa 1896, akafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Walioifanya hiyo kazi ni Waafrika na zaidi ya vibarua 30,000 walioletwa kutoka India. Injini za mvuke zilikuwa zinakunywa maji kama ng'ombe, na watu wa kuzihudumia walihitaji pa kulala, kwa hivyo stesheni zilipangwa njia yote. Kando ya stesheni ikamea duka, posta, polisi, shule, zahanati. Pale Makindu, Masikh waliofanya kazi ya reli walijenga hekalu lao 1926, na mpaka leo msafiri yeyote akipita hapo anapewa chakula bila kuulizwa kabila wala dini. Kwa ufupi, mji wa reli ya zamani una vitu ambavyo ploti ya "phase three" katikati ya nyika itangoja miaka 20 kupata.

Halafu 2017 SGR ikafika. Treni ya abiria ya zamani ya Nairobi hadi Mombasa ikazimwa, na stesheni mpya nyingi zikajengwa mbali na katikati ya mji. Makindu, kwa mfano, treni ya abiria inapita tu, unashuka Emali ama Kibwezi. Huo ndio ubaya wake, na ndio uzuri wake pia kwa mtu anatafuta bei poa. Pale pesa ya wanunuzi wa haraka haijakimbilia, mathe bado anaweza pata robo ekari bila kuuza figo.

Lakini hapa ndio wasee hujichoma: wananunua ploti juu ya treni.

Chukua Nanyuki. Serikali ilitumia kama bilioni 1.8 kufufua ile reli, na Desemba 2020 abiria wakaanza kupanda tena, tiketi ikianzia soo mbili. Watu wakapagawa. Lakini angalia ratiba yenyewe ilipoanza: inatoka Nairobi Ijumaa, inarudi Jumapili. Ya Kisumu ikafuata Desemba 2021, nayo hivyo hivyo, inaondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Jiulize hiyo treni ni ya nani. Ni yako wewe wa ofisi unayetaka kupiga picha kwa dirisha wikendi. Mathe ako na kliniki ya presha Jumanne saa tatu asubuhi. Hiyo treni haimjui. Na si siri kwamba hizi huduma za reli ya zamani huja na kupotea, zinasimamishwa mvua ikibomoa njia ama bajeti ikikauka, na hakuna mtu hupigia mzee simu kumuuliza maoni.

Kwa hivyo ukichagua mji, uchague kama treni imeshakufa. Ondoa honi, ondoa romansi, halafu uliza kama buda anaweza ishi hapo miaka 20. Kuna hospitali kubwa ya umma inayofikika na boda ama mat moja? Maji yanakuja mara ngapi kwa wiki? Kuna barabara ya lami karibu? Kanisa lake ama msikiti wake uko hapo? Ikipita huo mtihani, basi treni ikija ni nyongeza.

Nanyuki inapita mtihani wote isipokuwa bei. Miaka hii yote watu wa Nairobi wamekuwa wakinunua nyumba za wikendi huko kwa sababu ya mlima, na muuzaji wa ploti anakuangalia kwanza viatu ndio akutajie pesa. Kwa pensheni ya mwalimu mstaafu, mimi ningeipita.

Molo, Londiani na Timboroa ni reli ya zamani haswa, kona na misitu na ukungu, ukiwa mpenzi wa treni utalia. Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, moja ya stesheni za juu kabisa Afrika. Sasa chukua magoti ya mathe yenye yamechoka na baridi ya Kenya yote, uyapeleke huko. Na sehemu za Molo usiulize bei tu. Watu walifukuzwa kwa mashamba 1992 na tena 2007 hadi 2008, na kuna ploti ambazo mwenye karatasi na mwenye kumbukumbu si mtu mmoja. Uliza majirani wazee kabla uulize ajenti.

Voi ndio ningeiangalia kwa makini. Ni mji wa reli mara mbili: stesheni ya zamani iko, na wakati wa vita vya kwanza vya dunia tawi la kwenda Taveta lilianzia hapo kusafirisha wanajeshi kuelekea mpaka wa Wajerumani. SGR nayo inasimama, si ile ya moja kwa moja, ni ile ya Inter-County. Kuna Hospitali ya Rufaa ya Moi hapo mjini, lami ya Mombasa Road iko mlangoni, na Mombasa ni kama kilomita 150 tu kukiwa na kesi kubwa. Ubaya? Joto si mchezo, maji ya mfereji ni ya mgao, na hii huwa inauma Wataita vibaya, juu bomba la Mzima linabeba maji ya kaunti yao hadi Mombasa. Halafu kuna ndovu. Ploti ya bei rahisi sana upande unaopakana na Tsavo inaweza kuwa rahisi kwa sababu jirani yako ana tani tano na anapenda mahindi.

Makindu na Kibwezi ziko kati kati: kame, lakini bei bado ni ya binadamu na Nairobi ni safari ya asubuhi. Makindu ina hospitali ya umma, na Makueni ndio kaunti iliyoanzisha bima yake ya afya 2016 kwa 500 kwa nyumba kwa mwaka, kabla nchi ianze kubonga mambo ya SHA. Siku hizi ni SHA kila mahali, na mtu asiye na payslip analipa kuanzia 300 kwa mwezi, lakini inadaiwa ya mwaka mzima pamoja. Weka hiyo kwa bajeti ya mzee sasa, si siku ameanguka.

Sasa ngori yenyewe. Ardhi kando ya reli ya zamani mara nyingi ni ya reli.

Februari 2021, pale Kibos nje ya Kisumu, matingatinga yaliingia usiku, wakati wa kafyu ya korona, kwa makazi ya Wanubi walioishi hapo vizazi kadhaa. Karibu watu 3,500 walibaki nje na magodoro yao. Sababu iliyotolewa ni kwamba hiyo ni ardhi ya shirika la reli na njia inakarabatiwa. Miezi kumi baadaye, ile treni ya Ijumaa yenye tulipiga nayo selfie ikapita hapo hapo. Hao hawakuwa watu wa jana. Kulikuwa na nyumba za mawe, shule na msikiti. Kama hiyo iliwapata, buda wako na karatasi ya "allotment" yenye muhuri wa zambarau atajitetea na nini?

Reli inaweza kukaa miaka 30 imemea nyasi mpaka mbuzi wanalala kwa njia, lakini eneo lake halijawahi kuacha kuwa lake. Kwa stesheni huwa pana zaidi kuliko njiani, kwa hivyo ile ploti tamu ya "hatua chache kutoka stesheni" ndio ya kuogopa. Lipa sarveya akupimie kutoka kwa bikoni na ramani ya usajili, si kutoka kwa mti ambao ajenti ameonyesha. Fanya search kwa ofisi ya ardhi mwenyewe. Shamba la kilimo linahitaji idhini ya Land Control Board, na kama muuzaji ameoa, mke lazima akubali. Zile nyumba nzuri za zamani za wafanyakazi wa reli, zenye bomba la moshi na veranda? Kukipatikana mtu "anakuuzia" moja, muulize aliinunua kwa nani. Wengi wao ni wapangaji kama wewe.

Na hii serikali ikiendelea kuahidi SGR kutoka Naivasha hadi Kisumu na Malaba, kila mwenye shamba njiani amepandisha bei akingoja fidia. Usinunue ahadi. SGR ilifika Suswa 2019, na wasee walionunua wakitarajia jiji wanajua bado wanaona ng'ombe.

Kitu kingine, msinunue kwanza. Kodisheni nyumba mwezi wa tatu ama wa kumi, kabla mvua ije, wakati kiangazi kimeuma, muone maji yanakuja aje na usiku kukoje. Wakimaliza huo mwezi na mathe ameshapata chama cha kuingia, mnajua mko mahali. Akiwa anawapigia simu kila jioni kuuliza habari za majirani wa Makongeni, pia mmejua, na mmetumia kodi ya mwezi mmoja badala ya gratuity yote.

Pia kaeni chini kama ndugu mwandike nani atatuma nini. Ile pesa ya Inua Jamii ni 2,000 kwa mwezi na inaanza mtu akiwa na 70, kwa hivyo kati ya 60 na 70 kuna miaka kumi ambayo Inua Jamii ni nyinyi.

Inter-County inatoka Nairobi saa mbili asubuhi. Nauli hadi Mombasa ilipanda kutoka thao moja hadi 1,500 mwaka wa 2024, Voi ni chini ya hapo. Wapelekeni siku ya wiki, si wikendi. Mkishuka, shikeni boda hadi hospitali mkaone laini ya wagonjwa ni ndefu aje, kabla muende kuona ploti yoyote.