Mwalimu Anajibu: Ua la Baharini Lisilosuguliwa

Juma hili ninajibu mwenzetu mmoja wa likelemba. Binti yake anafanya kazi za nyumbani huko Ubelgiji, kwa familia yenye akwariamu ya maji ya chumvi, ni kusema sanduku kubwa la kioo lenye samaki, mawe na matumbawe ya baharini. Juu ya mawe kumeota vitu kama maua madogo ya rangi ya kahawia. Binti aliambiwa ayaondoe. Aliyasugua kwa brosi, na baada ya majuma machache yakawa mengi kuliko mwanzo. Sasa patroni wake anasema ni uvivu. Mama anauliza: mtoto wangu amekosa nini?

Hakukosa kitu. Yale si maua, ni wanyama. Wanaitwa anemoni, na aina hii inayosumbua wafugaji wengi inaitwa aiptazia. Hana mfupa. Anajishika juu ya jiwe kwa mguu wake, mdomo uko juu katikati, na kuuzunguka kuna vidole vingi vyembamba vinavyochoma. Kwa vidole hivyo anakamata vidudu vya majini na kuunguza matumbawe ya jirani. Ndani ya mwili wake kunaishi mwani mdogo sana unaomtengenezea chakula kwa mwangaza, ndiyo maana hafi njaa upesi. Mara nyingi anaingia amejificha katika jiwe lililonunuliwa. Mmoja tu anatosha, kwa sababu anaweza kuongezeka bila mwenzake.

Aliyewahi kulima shamba lenye ndago ataelewa: unakata juu, chini inacheka. Kipande kidogo cha mguu wa aiptazia kikibaki juu ya jiwe, kinakuwa anemoni mzima. Kwa hiyo brosi ya binti ilikuwa inapanda mbegu. Patroni aelezwe hivyo, kwa adabu, lakini aelezwe.

Kabla ya kufika kwenye dawa, kuna jambo linalonitia hofu zaidi. Watu wengine wakichoka wanatoa jiwe majini, wanalichemsha ao wanalimwagia maji ya moto. Juu ya mawe hayohayo wanaweza kuishi wanyama wengine, wanaofanana na vifungo vya shati vyenye nyuzi pembeni, wanaoitwa zoantidi. Baadhi yao wana palitoksini, sumu kali sana. Jiwe likichemshwa, ao likisuguliwa kwa nguvu nje ya maji, sumu inaweza kuruka na mvuke ikaingia kifuani. Mwezi wa tatu 2018, katika kijiji cha Steventon huko Uingereza, familia ilipelekwa hospitali pamoja na baadhi ya waliokuja kuisaidia, baada ya matumbawe ya akwariamu kusafishwa ndani ya nyumba. Hakuna dawa maalum ya kuifuta sumu hiyo.

Basi mama, mwambie binti akatae kuchemsha jiwe, hata akiamuriwa. Akigusa mawe avae glavu na miwani, na watoto wakae mbali. Akishikwa na homa, kutetemeka, kikohozi ao kukosa pumzi, atoke nje, aende hospitali, na aseme wazi kwamba alikuwa anasafisha akwariamu. Asiposema, daktari anaweza kudhani ni mafua.

Sasa dawa. Wafugaji wengi wanatumia chokaa safi inayouzwa kwa ajili ya akwariamu, si ile ya kupaka ukuta. Inakorogwa na maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito. Pampu inazimwa ili maji yatulie, kisha uji unawekwa kwa sindano polepole juu ya mdomo wa anemoni kabla hajajikunja na kujificha. Chokaa hiyo inaunguza ngozi na macho, na ikizidi inabadilisha maji na kuua samaki, kwa hiyo ni anemoni wachache tu kwa siku moja.

Wakiwa mamia, sindano haitoshi. Kuna kamba wadogo wenye mistari myekundu (jamaa za kosakosa wa Kinshasa) wanaokula aiptazia, ingawa wengine wakipata chakula kitamu zaidi wanaiacha. Mimi ningemshauri patroni atafute berghia, konokono mdogo wa baharini asiye na gamba. Huyu hali kitu kingine. Anafanya kazi usiku na anahitaji majuma mengi, na aiptazia ikiisha naye atakufa njaa asipopewa mfugaji mwingine.

Na chakula cha samaki kipunguzwe. Kinachobaki majini baada ya samaki kushiba kinawanenepesha anemoni, na kazi ya sindano inaanza upya.