Ziara ya siku moja kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani

Ziara ya Kilwa Kisiwani huanzia Kilwa Masoko, takriban kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam. Mgeni hulipia kibali huko, kisha huvuka mlango wa bahari pamoja na kiongozi kwa mashua ya tanga au boti ya injini.

Jengo la kwanza kuonekana ufukweni ni Gereza, ngome iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1505 na kujengwa upya na Waomani. Mbele kidogo upo Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11. Kuta, nguzo na kuba zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, liko mbali zaidi, juu ya genge linalotazama bahari, na lina birika lenye pembe nane. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, enzi za sultani huyo, mji ulipokuwa ukitajirika kwa dhahabu ya Sofala.

Magofu haya, pamoja na ya Songo Mnara, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mmomonyoko wa ufuko uliyaweka kwenye orodha ya hatari kuanzia 2004 hadi 2014. Kwa hiyo mgeni hapaswi kupanda kuta wala kuokota vigae. Maji ya kunywa, kofia na viatu imara ni vya lazima.