Shanta la Mgeni na Kalamu Yetu

Kuna kauli inayorudiwa katika mabaraza ya waandishi wetu, ati safari ni anasa ya wenye nazo. Kwamba mshairi wa Unguja au Pemba hana budi kungoja mwaliko wa ubalozi au tikiti ya kongamano ndipo avuke bahari. Kauli hiyo naipinga, na ushahidi wangu ni miji miwili: Makambako na Njombe.

Makambako ni njia panda. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ina stesheni pale. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inapita pale. Na ndipo inapochepuka ile ya Njombe na Songea. Vijana wa Ulaya na Marekani wenye mashanta mgongoni hushuka hapo, hulala gesti ya bei ya chini, na alfajiri hushika njia ya Ziwa Nyasa. Wakirudi kwao huandika. Aghalabu huandikana wenyewe kwa wenyewe: nani alilipa kidogo zaidi, nani aliumwa tumbo, nani alikutana na nani tena Mbeya. Mama aliyewapikia hana jina humo wala neno. Lakini wao angalau wameandika. Sisi tuwezao kuzungumza na kila abiria wa basi lile, tumeandika nini?

Wala nisiambiwe kwamba habari za safari si fani yetu. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Göttingen kitabu Safari za Wasuaheli, masimulizi ya Waswahili wenyewe. Humo Salim bin Abakari anaeleza safari ya mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia. Alikwenda akiwa mtumishi wa Mjerumani, si tajiri. Na aliyoyaona ugenini aliyatafutia maneno ya Kiswahili.

Njombe inayangoja maneno hayo. Iko nyanda za juu, kilomita zipatazo 60 kutoka Makambako, na baridi yake ya Juni na Julai humfanya mtu wa pwani aazime koti. Huko salamu ni "kamwene". Sisi twajua kugema mnazi. Nani katika sisi katueleza namna Wabena wanavyogema mwanzi wakati wa mvua wakapata ulanzi? Twaijua mikarafuu, nani kayaandika mashamba ya miwati na chai? Twajiita walezi wa Kiswahili, na hatujui kinavyosemwa na mchuuzi wa viazi au mpasua mbao wa Njombe.

Watasema safari ya bei nafuu ni mateso: basi limejaa, gesti haina maji ya moto. Wahenga walikwisha sema, msafiri masikini ajapokuwa sultani. Shida hiyo ndiyo imfanyayo abiria amhitaji jirani yake, na amhitajiye jirani humsikiliza. Ila tusiuige ubahili wa kujisifu: kumbana mama lishe kwa shilingi 500, kisha kuuita huo ujasiri wa safari, ni kumdhulumu mnyonge.

Namwomba mhariri atenge kurasa za safari katika kila toleo. Na mshairi atakayekwenda asilale usiku mmoja kama mgeni mwenye shanta. Akae wiki, ajifunze kuitikia salamu, alipe anachodaiwa, kisha aandike.