Wembe si dawa ya chunjua

Ndugu wanafunzi, mimi naona tuache ile desturi ya bwenini ya kukata chunjua na wembe. Iwe Masisi, iwe Walikale, chunjua si uchawi: ni virusi vinavyoingia penye ngozi iliyochubuka. Ukiikata, virusi vinaenea pembeni, na mwenzako akitumia ule wembe wenye damu anaweza kupata hata Sida! Nyingi zinapotea zenyewe, ingawa pengine zinakaa miaka 2. Mwenye haraka aulize muganga dawa ya asidi salisiliki. Inapakwa hata majuma 12, lakini si usoni. Kumpa mwenye chunjua mkono hakuambukizi kwa urahisi, basi mbona tunamkimbia? Afadhali tukimbie taulo ya kuazimana, na kuoga bila kandambili.