Kipanga wa Kidato cha Sita na ndoto ya Harvard: Nafasi yake ni ngapi hasa?

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita au ya KCSE yakitoka, swali hili hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi: "Huyu mtoto na alama hizi, Harvard hawamchukui kweli?" Mtoto ana daraja la kwanza la pointi 3, au ana A safi ya Kenya. Shuleni kwao hakuna aliyemgusa. Sasa akose kwa nini?

Jibu fupi ni kwamba anaweza kupata, ila alama peke yake hazimfikishi mbali. Jibu refu linataka tukae tuzitazame namba vizuri, kwa sababu ile asilimia inayotangazwa kwenye habari siyo ya kwake.

Tuanze na namba yenyewe

Kwa wanafunzi walioanza masomo mwaka 2024, Harvard ilipokea maombi 54,008. Iliwakubali 1,937. Hiyo ni kama asilimia 3.6. Yaani zaidi ya watu 52,000 waliambiwa hapana.

Na usidhani hao 52,000 walikuwa wavivu. Marekani ina shule za sekondari za juu zaidi ya 20,000, na kila shule ina mtu wake wa kwanza. Ukiwachukua hao nambari wani tu, hata kabla hujamgusa Mchina, Mhindi au Mnigeria, tayari wamezidi nafasi zote za Harvard mara kumi na zaidi. Kuwa wa kwanza shuleni, kwa chuo cha aina hii, ni kiingilio cha getini tu.

Foleni si moja

Watu wengi huichukua hiyo 3.6 kama bahati nasibu: weka majina kofiani, toa matatu na nusu kwa kila mia. Haiendi hivyo. Kuna foleni kadhaa, na kila moja ina mwendo wake.

Harvard iliposhtakiwa kuhusu udahili wake, data zake zilianikwa mahakamani. Kwa madarasa yaliyotarajiwa kuhitimu kati ya 2014 na 2019, watoto wa wahitimu wa chuo hicho walikubaliwa kwa kiwango cha karibu asilimia 34, wakati waombaji wengine walikuwa kwenye asilimia 6 hivi. Wanamichezo walioitwa na makocha? Asilimia 86. Zaidi ya asilimia 40 ya Wazungu waliokubaliwa walitoka kwenye makundi manne: wanamichezo hao, watoto wa wahitimu, watoto wa wafanyakazi wa chuo, na wale walio kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili, ambayo ina watoto wa wafadhili wakubwa.

Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walipima vyuo 12 vya juu vya Marekani. Walikuta kwamba mtoto wa familia iliyo kwenye asilimia 1 ya matajiri ana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kuishia kwenye vyuo hivyo kuliko mtoto wa familia ya kipato cha kati mwenye alama zilezile za mtihani. Alama zilezile. Tofauti ilikuwa mfuko wa baba na yale yanayokuja nao.

Hata tarehe ya kuomba ina foleni yake. Kwa kundi hilohilo lililoanza 2024, waombaji 7,921 walituma mapema, mwanzoni mwa Novemba ya mwaka uliotangulia, na Harvard ikawakubali 692, kama asilimia 8.7. Waliobaki wakagombea nafasi 1,245, kwa kiwango kisichofika asilimia 3. Lakini usikimbilie kusema kuomba mapema ndiyo siri. Humo kwenye foleni ya mapema ndimo wanamo wanamichezo na watoto wa wahitimu.

Wewe uko foleni gani?

Kijana wa Tabora au wa Kisumu anaingia foleni ya wanafunzi wa kimataifa. Hapa mambo yanabana zaidi. Chuo cha MIT huweka wazi takwimu zake: Wamarekani hukubaliwa kama 5 kwa kila 100, wageni ni kama 2. Sababu ni kwamba MIT huweka ukomo wa idadi ya wageni.

Umesikia pia habari ya Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo Juni 29, 2023 ilizuia vyuo kutumia rangi ya mwombaji kama kigezo. Darasa la kwanza la MIT baada ya uamuzi huo, Wamarekani weusi walishuka hadi asilimia 5, kutoka wastani wa asilimia 13 miaka ya nyuma. Wapo wanaodhani huo ndio mlango uliofungwa kwa Waafrika. Kwa kiasi kikubwa ni mlango wa Wamarekani weusi. Kwenye takwimu za vyuo, mwanafunzi wa kimataifa huhesabiwa kwenye kundi lake peke yake.

Mlango wako wewe unabanwa na pesa.

Kusoma Harvard mwaka mmoja, pamoja na chakula na malazi, ni zaidi ya dola 85,000. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 200 za Tanzania, au karibu milioni 11 za Kenya. Kwa hiyo karibu kila mtoto wa kwetu ataomba msaada wa ada. Na vyuo vingi vya Marekani, vikiona mwombaji wa nje anataka msaada mkubwa, humpima kwa jicho hilo. Akiwa sawa na mwenzake anayejilipia, anayejilipia ndiye anayepita.

Vipo vichache vinavyosema havitazami mfuko wa mwombaji, hata akiwa mgeni, na ukikubaliwa vinaziba pengo lote la gharama kulingana na uwezo wa familia yako. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst wamo kwenye orodha hiyo kwa miaka mingi. Dartmouth na Bowdoin walitangaza kujiunga mwaka 2022, kisha Brown ikafuata. Cha kushangaza ni hiki: kwa mtoto wa mkulima, chuo kigumu kabisa kuingia kinaweza kuwa rahisi kulipia kuliko chuo cha kawaida kisicho na msaada kwa wageni.

"Basi niombe vyuo 20"

Mfumo wa Common App unaruhusu kuomba hadi vyuo 20. Hesabu ya haraka inavutia: kama kila chuo kina nafasi ya asilimia 4, na kila kimoja kinaamua kivyake, uwezekano wa kupata angalau kimoja ni kama asilimia 56. Zaidi ya nusu!

Tatizo ni kwamba vyuo hivyo vinasoma faili lilelile. Insha ni ileile, alama ni zilezile, barua za walimu ni zilezile. Kama kuna udhaifu, utaonekana kote. Ukikataliwa na kumi kwa sababu moja, kumi wengine huenda wakakukataa kwa sababu hiyohiyo. Kuongeza idadi kunasaidia kiasi, ila hakuzidishi nafasi mara 20. Orodha nzuri huchanganya vyuo: vigumu kabisa, vya kati, na angalau viwili vitatu vinavyotoa msaada kwa wageni ambako alama zako ziko juu ya wastani wao.

Wote wana A. Sasa wanachagua vipi?

Kwanza mtihani. Enzi za korona vyuo vingi viliacha kudai SAT. Mwaka 2022 MIT ikairudisha, na 2024 wakafuata Dartmouth, Yale, Brown na Harvard. Mtihani huo kwa mwanafunzi wa nje ni zaidi ya dola 100, na kituo kinaweza kuwa mkoa mwingine. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui: Harvard ilipoirudisha SAT, ilisema asiyeweza kabisa kuifikia anaweza, kama suala la kipekee, kutumia mitihani mingine, ikiwemo mitihani ya taifa ya kumaliza shule. Kwa hiyo kabla hujakata tamaa, soma masharti ya chuo chenyewe.

Pili ni maisha nje ya darasa. Fomu ina nafasi 10 za shughuli. Hapa vijana wetu hujinyima wenyewe. Anaacha wazi kwa sababu hakuwahi kupiga piano wala kucheza tenisi. Wakati huohuo alikuwa anasimamia genge la mama kila jioni, anawafundisha wadogo zake hesabu, na likizo analima. Fomu hiyo ina kipengele kabisa cha majukumu ya familia. Wasomaji wa maombi hutakiwa kumpima mtu kwa mazingira aliyotoka: ulipewa nini, na ukafanya nini nacho?

Tatu ni insha, isiyozidi maneno 650. Ile ya "nimezaliwa katika familia maskini, nataka kuisaidia jamii yangu" wameisoma mara elfu. Wanachotafuta ni akili yako inavyofanya kazi. Insha ya kijana aliyefungua redio mbovu ya babu akaihangaikia mwezi mzima inaweza kusema mengi kuliko kurasa mbili za shida.

Kikwazo kisichotajwa: karatasi za shule

Hapa ndipo waombaji wengi wa kwetu huangukia, na haina uhusiano na akili. Vyuo hivi vinataka ripoti za miaka yote ya sekondari, barua kutoka kwa walimu wanaokujua, na maelezo ya shule kuhusu mwanafunzi. Vyote vinatumwa na shule yenyewe mtandaoni.

Nairobi kwenye shule ya kimataifa kuna mtu ameajiriwa kwa kazi hiyo tu. Kwenye shule ya kata, mwalimu ana vipindi 28 kwa wiki, ripoti za Kidato cha Kwanza ziko kabatini zimeliwa na mchwa, na barua ya mapendekezo inaandikwa mistari mitatu: "Ni mtiifu, msafi na anajituma." Ukweli mchungu ni kwamba barua hiyo inamuangusha mtoto kuliko alama ya B.

Kalenda nayo haiendani. Dirisha la kawaida hufungwa mapema Januari. Mkenya wa KCSE wakati huo ndio anasubiri matokeo, hivyo wengi huomba mwaka unaofuata. Mtanzania wa Kidato cha Sita yuko katikati ya maandalizi ya mtihani wa Mei, hivyo anaomba kwa matokeo ya Kidato cha Nne na ripoti za shule.

Ukikubaliwa, bado kuna viza

Mwaka 2025 uliongeza ugumu mpya. Mei, serikali ya Marekani ilijaribu kuinyima Harvard ruhusa ya kupokea wanafunzi wa kigeni, mahakama ikaizuia. Juni, Burundi iliwekewa vizuizi vya sehemu vinavyogusa hata viza za wanafunzi. Desemba, Tanzania nayo ikaingizwa kwenye vizuizi vya namna hiyo, kuanzia Januari 1, 2026. Orodha hizi hubadilika, hivyo angalia hali ya nchi yako kabla hujatumia hata senti moja kwenye maombi.

Jihadhari na vishoka

Pale penye ndoto kubwa na taarifa chache, dalali hakosekani. Akikwambia ana "konekisheni" na nafasi ni ya uhakika, kimbia. Hata Wamarekani waliliwa hapo: mwaka 2019 iligundulika kwamba Rick Singer alikuwa anawauzia matajiri nafasi za vyuo kwa kughushi mitihani na kuwapachika watoto kama wanamichezo. Yeye na baadhi ya wazazi waliishia jela.

Ushauri wa kweli upo bure. EducationUSA ni huduma ya serikali ya Marekani na ina washauri kwenye nchi zetu. Kenya kuna KenSAP, ambayo tangu 2004 imekuwa ikiwaandaa vipanga wa familia zisizo na uwezo kuomba vyuo vikubwa vya Marekani Kaskazini. Ada ya maombi nayo, ambayo Harvard ni dola 90, huweza kusamehewa ukieleza hali yako.

Kwa hiyo nafasi ni ngapi?

Hakuna anayeweza kukupa namba ya uhakika, na anayekupa anakudanganya. Kwa kijana wa kwetu mwenye alama za juu kabisa na anayehitaji msaada, chukulia kwamba kila chuo cha daraja hilo kina uwezekano mkubwa sana wa kusema hapana. Usichoweza kubadili ni foleni uliyopo. Unachoweza kubadili ni ubora wa faili lako ndani ya foleni hiyo: barua nzito za walimu, insha yako mwenyewe, ripoti zilizokamilika, na vyuo ulivyochagua kwa akili.

Na la mwisho kwa mzazi: usimruhusu mtoto asubiri Harvard huku dirisha la udahili na mikopo la nyumbani likifungwa. Udaktari wa Muhimbili au uhandisi wa Nairobi nao una ushindani wake, na hausubiri barua ya Machi kutoka Marekani. Aombe kote, kwa tarehe zake. Barua ikija, sherehe. Isipokuja, Oktoba imkute darasani.