Uvira: Karatasi ziko mtandaoni, lakini ufunguo wa mlango uko kwa mwingine

Katika mji wa Uvira, familia nyingi haziweki tena karatasi zao ndani ya sanduku peke yake. Diploma, cheti cha kuzaliwa, kadi ya uchaguzi na hati ya kiwanja hupigwa picha kwa simu, kisha zinapandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kiungo, kile ambacho wengi huita linki, kinatumwa kwa WhatsApp kwa ndugu aliye Bukavu, Bujumbura au Lubumbashi. Wanafunzi nao hufanya hivyo kwa masomo: mmoja anapandisha kitabu cha kozi, darasa zima linakisoma kupitia kiungo kimoja.

Njia hii ni rahisi na haina malipo. Lakini inategemea uamuzi wa kampuni iliyo mbali, ambayo inaweza kuondoa huduma ya kushirikisha mafaili wakati wowote. Siku hiyo ikifika, kiungo kinabaki kwenye simu, lakini hakifungui kitu.

Maji na vita

Hasira ya mtumiaji wa Ulaya au Marekani anapopoteza huduma kama hiyo inaeleweka. Kwa mkaaji wa Uvira kuna jambo la ziada: mara nyingi karatasi yenyewe haipo tena.

Mnamo Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika nyumba za kando ya ziwa, upande wa Uvira na hata ng'ambo, Bujumbura. Kisha Desemba 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Burundi. Mtu anayekimbia hubeba watoto, godoro na simu. Diploma iliyotundikwa ukutani inabaki nyuma.

Kwa hiyo picha iliyo mtandaoni, ambayo mwanzoni ilikuwa nakala ya akiba, inageuka kuwa ushahidi pekee kwamba kiwanja ni cha familia fulani au kwamba kijana alimaliza masomo. Kiungo kikikatika hapo, si usumbufu tu. Ni haki inayokosa shahidi.

Si mara ya kwanza

Mambo haya yamekwisha kutokea mara nyingi. Dropbox ilikuwa na folda ya wazi ambayo faili lake lolote lilionekana kwa kila mwenye kiungo. Desemba 2016 kampuni hiyo ilitangaza kuifunga. Kwa watumiaji wasiolipa, viungo vilikatika tarehe 15 Machi 2017. Kwa waliolipa, tarehe 1 Septemba mwaka huo. Mafaili yenyewe hayakufutwa, lakini kila kiungo kilichokuwa kimetumwa kwa watu au kuwekwa kwenye tovuti kilikufa. Google ilikuwa imetangulia: Agosti 2016 ilizima uwezo wa Google Drive wa kuonyesha kurasa za tovuti.

Mnamo Juni 2017, Photobucket ilibadilisha masharti bila kuwapa watu muda wa kujipanga. Aliyetaka picha zake ziendelee kuonekana kwenye tovuti nyingine alitakiwa kulipa karibu dola 400 kwa mwaka. Mamilioni ya picha duniani zikageuka kuwa tangazo la kudai malipo. Na Septemba 2021, Google iliongeza ulinzi kwenye baadhi ya viungo vya zamani vya Drive: mtu ambaye hakuwa amefungua faili mbele alianza kuombwa kuomba ruhusa. Ikiwa mwenye faili amehama, amebadilisha namba au amefariki, ruhusa hiyo itatoka kwa nani?

Nafasi ya bure nayo imepungua. Tangu tarehe 1 Juni 2021, picha mpya za Google Photos zinahesabiwa ndani ya giga 15 za bure, pamoja na barua pepe na mafaili ya Drive. Mwaka 2024, akiba ya WhatsApp kwenye simu za Android ikaanza kuhesabiwa humo pia. Tena, tangu Desemba 2023, Google inaweza kufuta akaunti ambayo haikutumiwa kwa miaka miwili. Mtu aliyepoteza simu akiwa kambini na kusahau neno la siri anaweza kufikisha muda huo bila kujua.

Kampuni zina sababu zao

Haitakuwa haki kusema kampuni hizi zinafanya hivyo kwa ubaya tu. Folda za wazi zilitumiwa na matapeli kueneza virusi na kurasa za kuiba maneno ya siri. Kiungo kinachofunguliwa na kila mtu ni hatari pia kwa mwenye hati ya kiwanja: kikisambaa kwenye makundi ya WhatsApp, hakuna wa kukirudisha. Kutunza mafaili ya watu wasiolipa nako kunagharimu mashine na umeme.

Tatizo liko kwenye namna ya kutoa taarifa. Tangazo linakuja kwa barua pepe, mara nyingi kwa Kiingereza au Kifaransa, kwenye anwani iliyofunguliwa na fundi wa simu siku ile simu ilipowashwa. Mwenye simu hajawahi kuifungua. Muda wa miezi mitatu unaoonekana mrefu huko California, huku ni mfupi kwa mtu anayenunua mega kidogo kidogo na kungoja umeme urudi.

Kongo ina Sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inazungumzia ulinzi wa habari za kibinafsi. Lakini kulinda habari dhidi ya wizi ni jambo moja; kulazimisha kampuni ya nje iendeleze huduma ya bure ni jambo lingine.

Kinachobaki mikononi mwa raia

Nguo ya kuazima haisitiri matako, husema wahenga. Kiungo ni cha kuazima. Faili lililo mkononi ndilo lako. Anayepokea kiungo cha karatasi muhimu anapaswa kupakua faili lenyewe mara moja. Kadi ya memori ya giga 32 inabeba maelfu ya picha za karatasi, na Bluetooth au Quick Share huhamisha faili kutoka simu moja hadi nyingine bila mega hata moja. Nakala mbili katika nyumba mbili tofauti, moja ikiwa mbali na ziwa, zina nguvu kuliko viungo kumi.

Faida hiyo inahusu pia siku ambazo intaneti haipo kabisa. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, serkali ilikata intaneti nchini kwa karibu wiki tatu. Hakuna kampuni iliyokuwa imeondoa huduma yake, lakini viungo vyote vilikuwa bure.

Hata hivyo, mzigo huu hauwezi kubebwa na familia peke yake. Picha ya diploma haina muhuri, na ofisi inaweza kuikataa. Shule, ofisi za viwanja na ofisi za hali ya raia ndizo zenye madaftari ya asili. Zikiwa na nakala za madaftari hayo nje ya Uvira, mkaaji aliyerudi kutoka Burundi mikono mitupu atapata mahali pa kugonga. Zisipokuwa nazo, ataendelea kugonga mlango ambao ufunguo wake uko kwa mwingine, nje ya nchi.