Daftari la Msaada Lifunuliwe

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: daftari lililofungiwa sandukuni halimfai mwenye mali.

Wako wasemao kwamba hesabu ya misaada haituhusu sisi wa Nakuru. Hawasemi kweli. Mwaka 2008 maelfu ya watu waliofukuzwa makwao walilala mahemani katika uwanja wa maonyesho mjini hapa, wakala chakula cha msaada. Mwaka uo huo, mjini Accra, wafadhili walianzisha mpango wa kutangaza misaada yao kwa utaratibu mmoja. Lakini tarakimu peke yake hazitoshi. Fedha ikitoka serikalini ng'ambo, ikapitia shirika kubwa kisha dogo, programu ya kompyuta isiyotungwa vema huihesabu mara tatu. Nani ataligundua kosa, ikiwa maagizo ya programu hiyo yamefichwa?

Basi programu hizo na ziwe huria, kila mtu aweze kuzisoma na kuzikosoa. Wala tusiambiwe hatuwezi: Ushahidi, programu huria, ilizaliwa Kenya katika machafuko yale yale. Nayo Katiba ya 2010, kifungu cha 35, yampa raia haki ya kupata habari. Ewe kijana, jifunze hesabu. Kisha udai daftari lifunuliwe.